Njuga Kwenye Pikipiki ya Saad

Kambini, njia ya reli ya Kasese, Uganda
6 Machi 1955

Kwa dada yangu Zaitun, Majengo, Nairobi.

Shikamoo dada, na nyuma ya shikamoo nakuletea habari njema: nimefika mzima, na jina langu limefika kabla yangu. Mkandarasi aliposikia kwamba nimekuwa fundi wa reli kule Muthurwa miaka tisa, alinipa watu kumi na wawili niwe mnyapara wao siku ileile. Hapa mvua hainyeshi, inamwagwa. Tunalala kwenye mahema na kula ndizi asubuhi na jioni. Nisalimie jirani yako Habibo na binti yake Lela, nisalimie rafiki yangu Caleb na mkewe Benta kwenye nyumba za reli, na wapangaji wako wote wa vyumba sita, hata yule anayekoroma.

Sababu ya kuandika upesi hivi ni pikipiki. Dada, katika Majengo nzima, kuanzia kwenu mpaka Gikomba, ni nani mwingine mzaliwa wa pale mwenye pikipiki iliyoandikwa kwa jina lake? Hakuna. Basi na wezi wanajua hivyo. Nilikueleza kwa mdomo siku naondoka, lakini ulikuwa unalia na nilijua husikii, kwa hiyo narudia kwa wino.

Mnyororo upite kwenye gurudumu la nyuma, uzunguke nguzo ya ukumbini, kisha kufuli. Usiufungue kwa sababu yoyote. Plagi itoe, ile ndogo yenye kichwa cheupe inayokaa juu ya injini. Bila plagi hata aliyeitengeneza kule Uingereza hawezi kuiwasha. Uifiche mahali mwizi asipoweza kutia mkono. Tatu, nimekuchorea nyuma ya karatasi hii kengele ya kuifunga chini ya stendi: betri mbili za tochi, waya, na vipande viwili vya bati. Mtu akiinua pikipiki, bati zinagusana na kengele inalia. Caleb atakusaidia kuunga waya.

Kazi hapa ni ya miezi kumi na sita. Ilinde kama ungenilinda mimi.

Nduguyo anayekutegemea,
Saad


Majengo, Nairobi
29 Machi 1955

Mdogo wangu Saad,

Marahaba, na Mungu akuzidishie hao kumi na wawili wawe mia. Nimefurahi kuona herufi zako za Kiarabu, zile za chuoni, bado zimenyooka. Siku hizi hapa vijana wote wanaandika kwa herufi za Kizungu, mimi siwezi kuzisoma na wala sitaki. Mimi na wewe tutaandikiana kwa herufi tulizochapwa kwa ajili yake.

Habari za hapa ni njema. Lela ameposwa, arusi ni baada ya Idi, na Habibo hatembei tena chini, anaelea. Benta anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya filimbi ya treni.

Sasa nisikilize kuhusu kengele yako. Caleb alikuja akaunga waya kama ulivyochora. Siku ya kwanza paka wa Habibo alipita, ikalia. Siku ya pili mvua ilivuja kwenye madebe ya paa ikaingia ndani yake, basi ikalia tangu adhuhuri mpaka alasiri, na wazee msikitini wakamtuma mtu kuuliza kama nyumba yangu imegeuzwa shule. Siku ya tatu niliitikisa pikipiki kwa mikono yangu miwili na kengele ilinyamaza kimya. Betri zimekufa. Nikasema, mlinzi anayelala akichoka si mlinzi.

Nimepata bora kuliko hiyo. Nimezitoa njuga za kundi letu la ngoma, zile nilizovaa miguuni mwaka tuliowashinda watu wa Mombasa, nimezifunga kwenye magurudumu, arobaini mbele na arobaini nyuma. Hazitaki betri, hazijui mvua. Mtu akiisukuma hatua moja tu, mtaa mzima unajua. Nilimwomba Caleb aijaribu, akasukuma, na watu wakatoka nje wakidhani ngoma imeanza.

Mnyororo uko, kufuli liko. Plagi usiniulize ilipo. Mahali mwizi asipotia mkono mwanamke anapajua zaidi yako.

Dadako asiyelala,
Zaitun


Kambini
20 Aprili 1955

Kwa dada Zaitun,

Shikamoo. Ramadhani iko mlangoni, nakutakia funga njema na futari nzito. Hapa tutafunga watu watatu tu katika kambi nzima, na mpishi ametuahidi uji. Hongera kwa Benta na Caleb. Mwambie Caleb kwamba anayefundisha watu kusukuma pikipiki yangu ataulizwa siku ya kiyama.

Dada, njuga ni za miguu ya wachezaji. Pikipiki si mchezaji. Nimewaza usiku kucha, na kama siyo umbali huu ningekuja kuzivua kwa mkono wangu. Lakini nakujua, nikisema toa utaongeza. Basi ziache, ila mnyororo, dada, mnyororo. Kitu chenye sauti bila mnyororo ni kuku tu, anapiga kelele huku anabebwa.

Nikuambie ninachowaza nikilala. Nikirudi sitamwomba mtu kazi tena. Nimesema na yule mwenye duka la magazeti mjini, anataka mtu wa kuyapeleka alfajiri Kaloleni, Ziwani, Bahati, mpaka Makongeni, na mtu wa baiskeli hafiki kwa wakati. Mimi nitafika. Saad wa Majengo, kwa pikipiki yake mwenyewe, bila msimamizi wa kumpigia filimbi. Wenzangu hapa hawaamini kwamba nina pikipiki. Nimewaonyesha karatasi yenye jina langu, wakaipitisha mkono kwa mkono kama picha ya mchumba.

Kwa hiyo si chuma unachokilinda pale ukumbini. Ni maisha yangu yaliyobaki.

Nduguyo,
Saad


Majengo
14 Juni 1955

Mdogo wangu,

Idi ilikuwa njema na tumekukumbuka. Nimepata barua yako siku nyingi, nisamehe kuchelewa, ni shughuli za arusi.

Lela ameolewa. Ulikosa kitu. Habibo alimvisha bangili mpaka kwenye viwiko. Biriani ilipikwa masufuria manane, Magan mchinjaji wa Soko la Burma alileta nyama mwenyewe, akakaa akala mpaka akalegeza mkanda. Ngoma ilianza alasiri, na kundi letu lilitoka na kanga mpya za njano, wote sare. Tulimpeleka bibi arusi kwa mumewe tukizunguka mtaa mzima kwa vigelegele. Mimi nilikuwa mbele. Miaka yangu arobaini na sita, Saad, na wasichana hawakunifikia kwa kiuno.

Mvua zimekwisha. Paka wa Habibo amezaa. Mengine hayajambo.

Dadako,
Zaitun


Kambini
6 Julai 1955

Kwa dada Zaitun,

Shikamoo. Nawapa mkono wa heri Lela na mumewe. Mimi mzima, tumevuka mto mmoja mkubwa na watu wangu kumi na wawili walisifiwa mbele ya kambi yote.

Dada, nimeisoma barua yako mara tano. Umenieleza bangili, umenieleza masufuria, umenieleza mkanda wa Magan. Paka umemtaja. Pikipiki hukuitaja. Wewe, ambaye barua ya kwanza ulinihesabia njuga moja moja.

Nieleze.

Saad


Majengo
19 Agosti 1955

Mdogo wangu Saad,

Salamu zako zimefika na wote hapa wazima. Sasa kaa chini. Nilisubiri nisikuandikie mpaka niwe na mwisho wa kukuambia, na sasa ninao.

Pikipiki iliibwa. Usitupe barua, soma.

Iliibwa siku ya arusi ya Lela, mchana, watu mia mbili wakitazama, na kosa ni langu peke yangu. Nilijua wageni watapita ukumbini kwangu. Basi asubuhi niliiosha, nikaipaka mafuta, nikaing'arisha tangi mpaka ukitazama unajiona meno. Halafu nikaona ule mnyororo wako wa kutu unaifanya kama mfungwa anayepelekwa kortini. Nikaufungua. Nilisema ni kwa siku moja tu, wageni waione pikipiki ya ndugu yangu ikiwa imesimama huru kama mwungwana. Ndiyo, niliringa. Ungekuwa mimi nawe ungeringa.

Kutegemea njuga ndiko kulikonimaliza. Sikufikiri kwamba siku hiyo Majengo yote itakuwa njuga. Mwizi alifikiri. Alingoja ngoma ikolee, akaifunika pikipiki kanga nyekundu, akafunga maua ya karatasi kwenye usukani, akaisukuma nje taratibu katikati ya msafara wa bibi arusi. Njuga zote themanini zikilia. Na watu wakamfungulia njia, Saad. Walidhani ni zawadi ya bwana arusi inapelekwa kwake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niligeuka, nikaona kitu kikubwa chini ya kanga kinapita na njuga zinaitikia vizuri kabisa na ngoma yetu, na nikapiga kigelegele kirefu kuliko wote. Niliisindikiza pikipiki yako kwa mdomo wangu mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nikakuta mnyororo na kufuli sakafuni. Siku tatu sikula. Sikulia kwa sababu ya chuma, nililia kwa sababu ya ile sentensi yako kuhusu maisha yako yaliyobaki.

Siku ya nne nilivaa, plagi ikanichoma kifuani. Ndipo ilipokuwa, sasa nakuambia. Nikaishika mkononi nikawaza: huyu mwizi anayo pikipiki isiyowaka. Anahitaji plagi. Akienda dukani mjini ataulizwa pikipiki yako namba gani, na karatasi yako iko wapi, na nyakati hizi za hatari hata ukinunua sindano unaulizwa kipande cha kukutambulisha. Basi ataitafuta ya mkono kwa mkono, huku huku kwetu.

Nikaenda kwa Magan pale Burma. Nikamwambia aiweke plagi juu ya meza yake, kwenye sahani, kati ya maini na mafigo, na akiulizwa aseme ni ya mjane asiyejua bei. Mimi nikakaa nyuma ya pazia la gunia, buibui mpaka machoni. Nilikaa pale siku sita. Nimenuka damu ya ng'ombe mpaka paka wote wa mtaa wakawa rafiki zangu. Watu waliicheka ile sahani. Mmoja akauliza kama inachomwa na chumvi au bila.

Siku ya sita nikasikia sauti: "Mzee, hii kitu ya pikipiki unauza ngapi?" Na Magan akajibu polepole, "Ngojea kidogo, wacha nikate hii ini kwanza." Nikafungua pazia. Alikuwa Muhidin, mpangaji wangu wa chumba cha tatu, fundi viatu, yule anayeniamkia shikamoo kila asubuhi na kusema mama umependeza. Magan alikuwa na kisu cha kazi mkononi, kwa hiyo Muhidin hakukimbia.

Pikipiki ilikuwa kwenye banda la makaa nyuma ya Gikomba, nzima, nyeusi kwa vumbi. Watu walitaka apelekwe polisi. Mimi nilikataa. Nilimwambia airudishe kwa njia ileile aliyoipitisha: kanga ileile nyekundu, maua yaleyale, njuga zote, mchana kweupe. Kundi letu zima lilitoka mlangoni, na tulimpigia vigelegele kutoka Gikomba mpaka ukumbini kwangu. Watoto waliimba. Yeye alisukuma akitazama chini. Kesho yake alihama, hajaonekana tena.

Sasa pikipiki ina minyororo miwili na makufuli mawili. Njuga ziko palepale, maana kosa halikuwa lao. Plagi imerudi ilipokuwa. Nigombeze sasa, nimekaa tayari.

Dadako aliyekosea na akatengeneza,
Zaitun


Kambini
8 Desemba 1955

Kwa Zaitun, Majengo.

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo. Barua yako ilifika. Sikukasirika. Nilipofika kwenye kigelegele nilicheka, na wenzangu walifurahi kunisikia nikicheka. Umefanya kazi ambayo askari kumi wasingeiweza.

Barua hii nimeandikiwa na karani wa kambi kwa sababu nina shughuli nyingi.

Dada, iuze pikipiki. Muulize Caleb, atapata mnunuzi kwenye reli. Usiwe na haraka lakini usichelewe. Mkataba ukiisha mwezi wa Juni huenda nikakaa huku huku. Mahali ni pazuri na watu ni wema.

Wasalimie wote.

Saad


Majengo
2 Januari 1956

Saad,

Barua yako ilinifikia ikiwa imeandikwa kwa herufi za Kizungu. Mara ya kwanza katika maisha yetu nimeletewa barua ya ndugu yangu nikashindwa kuisoma. Nimeivaa kifuani pamoja na plagi mpaka Muthurwa, nikampa Benta anisomee huku ananyonyesha. Benta amesoma misheni, anasoma vizuri. Alipofika kwenye "iuze" akasimama, akaniangalia. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Sikuuza na siuzi.

Mimi ni mtu mzima, nimezika mume na nimelea nyumba ya vyumba sita. Najua mwanamume mwenye shughuli nyingi anavyoandika: anaandika mistari miwili, lakini anaandika mwenyewe. Wewe mwaka ule una homa ya malaria uliniandikia ukiwa umelala chali. Na wewe ambaye hutaki msimamizi wa kukupigia filimbi umepapenda mahali penye filimbi asubuhi na jioni? Mdanganye mwingine.

Mkono ule haukuwa wako. Nataka kujua wako uko wapi.

Hapa wote wazima.

Zaitun


Kambini
20 Februari 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Usicheke herufi hizi. Nimeziandika kwa mkono wa kushoto, na ukurasa huu umenichukua siku mbili. Maalim wetu angeniona naandika kwa kushoto angeuvunja na huu. Lakini herufi za chuoni zinamhurumia mtu kama mimi, maana mkono unakwenda upande wake na haufuti wino ulioandikwa.

Ilikuwa Oktoba. Tulikuwa tunashusha reli kutoka kwenye lori, kulikuwa na tope, mti wa kuinulia ukateleza. Kulikuwa na mtu wangu mmoja amesimama pabaya. Nilimsukuma. Yeye mzima, jana alikuwa ananiletea chai. Mimi mkono wa kulia umebaki na kidole gumba peke yake.

Kidonda kimefunga, siumwi. Wamenipa kazi ya kuhesabu mataruma, yale magogo ya kulazia reli, naifanya. Lakini mkono wa kulia ndio unaokamata moto wa pikipiki, dada, ule unaozungushwa kuongeza mwendo. Bila huo siwezi kuiendesha hata hatua kumi. Sasa umeelewa. Umekaa siku sita nyuma ya gunia kulinda kitu ambacho mwenyewe hawezi kukipanda. Niliposoma barua yako ya Agosti mkono wangu ulikuwa mzima, nikajivuna kwa ajili yako mbele ya watu. Nilipoirudia hospitali nililia kama mtoto.

Na liko jingine, nalo ndilo linaloniweka huku. Nakula kwa mkono wa kushoto. Mbele za watu siwezi. Sahani yangu naipeleka nyuma ya hema. Nikirudi Majengo, siku ya kwanza mtanitandikia mkeka na sinia moja katikati, na Habibo atakuwepo na wazee watakuwepo, na mimi nitatia mkono upi? Hapa hawanijui. Hapa mimi ni mtu wa mkono mmoja tu. Huko nilikuwa Saad mwenye pikipiki.

Iuze. Kinachopatikana kitengenezee paa lako.

Nduguyo,
Saad


Majengo
24 Mei 1956

Mdogo wangu, Saad wangu,

Idi imepita juzi, tumekuombea katika kila futari. Benta anakusalimu, mtoto wake anatembea na amekwisha kumeza kitufe kimoja cha sare ya babake. Lela ni mjamzito. Habibo amerudi kuelea.

Umengoja jibu langu miezi mitatu na najua umenilaumu. Sikunyamaza kwa hasira. Nililia siku moja, tena sana, nikiwa nimefunga mlango, kwa ajili ya vidole vyako vinne nilivyovikata kucha ulipokuwa mdogo. Halafu nikanyanyuka. Sikutaka kukuandikia maneno ya pole, wala kukuahidi kitu nisicho nacho. Sasa ninacho.

Kwanza la sinia. Tangu usiku wa kwanza wa Ramadhani, katika nyumba hii watu wote wanakula kwa vijiko. Nimenunua dazeni mbili, maana kijiko hakiulizi mkono upi. Wapangaji walinung'unika. Nikawaambia nyumba ni yangu, futari ni yangu, asiyetaka kijiko akafuturu barabarani. Wazee walipokuja kufuturu nao nikawapa vijiko. Mzee Abdurahim wa msikitini aliniuliza kama nimekuwa mzungu. Nikamjibu kwamba ndugu yangu aliutoa mkono wake wa kulia kumwokoa mtu, na katika nyumba yake hatakula nyuma ya mlango. Mzee akachukua kijiko, na mpaka Ramadhani inaisha alikuwa anakishika vizuri kuliko mimi. Sasa hakuna hapa anayekumbuka kula kwa mkono. Wali wa Idi tumeula kwa vijiko, Majengo nzima wamesikia, na wapo waliotuiga wakidhani ndiyo mtindo mpya wa mjini.

La pili ni pikipiki. Siku niliyosomewa "iuze" nilirudi nyumbani nikaitazama muda mrefu. Barua yako ya Februari ilipokuja nilikwenda kwa Caleb nikamwambia nifundishe. Akacheka mpaka akakaa chini. Aliponiona sicheki akaacha. Tumejifunza kwenye kiwanja cha mpira kule Muthurwa, Jumapili baada ya kanisa lao. Buibui nalifunga kiunoni, na chini yake navaa ile suruali yako ya kaki. Nimeanguka mara tano. Caleb alikuwa anakimbia pembeni anapiga kelele, "Mama Zaitun, kanyaga gia, wacha kuomba dua, hii siyo punda!" Mara ya sita haikuanguka. Nilizunguka kiwanja kizima, na wake wa watu wa reli wakasimama kwenye milango yao wakipiga makofi.

Wazee waliniita. Wakaniuliza mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, anapanda pikipiki kwa sababu gani. Nikasema, kwa sababu wezi wanaoshinda mnyororo na kufuli hapa ni wengi, na mlinzi wa kweli ni yule anayekaa juu yake. Wakasema nirudi nyumbani. Nimerudi nyumbani, kwa pikipiki.

Wiki iliyopita nilikwenda kutahiniwa leseni. Mzungu aliyekuwepo aliniuliza mara mbili nimekuja kumwandikisha nani. Nikamwonyesha kidole kifuani pangu. Akanipeleka barabarani mwenyewe, nyuma yangu kwa gari lake, nikapinda, nikasimama, nikaonyesha mkono kama Caleb alivyonifunza. Akagonga muhuri. Saad, nimeiangalia leseni ile kama ulivyoiangalia karatasi yako. Wenzako walipoipitisha ile yako mkono kwa mkono sikuelewa. Sasa naelewa.

Yule bwana wa magazeti nimeonana naye. Anakungoja wewe, siyo mimi, maana wewe ndiye uliyefahamiana naye, wewe ndiye unayejua nyumba kwa nyumba kule Kaloleni na Ziwani, na wewe ndiye watakayemfungulia mlango alfajiri. Mpango wako ulikuwa wa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Sasa tuko watu wawili, tuna mikono mitatu. Hesabu mwenyewe kama tumepungua.

Usiniandikie kwamba unafikiri. Mkataba wako unaisha tarehe thelathini Juni. Panda treni. Usiketi ndani mpaka watu wote washuke, shuka wa kwanza, na mkono wako usiufiche mfukoni. Nitakuwa nje ya stesheni, mbele ya matarishi na makarani na kila mwenye macho, injini inawaka. Utakaa nyuma. Mkono mmoja unatosha kunishika.

Dadako,
Zaitun